Jinsi ya kuzunguka Gunnerside Gill kwa miguu: njia ya mlimani inayopita kwenye magofu ya migodi ya risasi

Wadau mlioko huku Uingereza, hasa nyie wa kaskazini, Leeds, Bradford, Darlington, Middlesbrough mpaka Newcastle, leo nataka niwape njia moja ya kutembea ambayo mimi naipenda kuliko zote nilizowahi kupita hapa nchini. Iko Swaledale, ndani ya hifadhi ya taifa ya Yorkshire Dales, unaanzia kijiji kinaitwa Gunnerside, unazunguka bonde jembamba la kijito (hilo ndo wanaliita gill) na unarudi palepale, kama kilomita 10 hivi mzunguko mzima, na njiani unapita kwenye migodi ya risasi iliyokufa zaidi ya miaka mia iliyopita. Nikisema risasi simaanishi zile za bunduki, namaanisha madini yenyewe, ile metali laini nzito ambayo wavuvi wa pwani wanafanyia chubwi la mshipi.

Mimi nimekulia Geita, mzee wangu alikuwa mchimbaji mdogo, kwa hiyo mara ya kwanza nafika pale juu sikuhitaji mtu wa kunielezea, nilisimama nikaangalia zile kuta na vile vifusi na maji yanayopita katikati nikasema hapa ni mwalo kabisa, hapa watu walikuwa wanaponda mawe na kuosha kama sisi. Ndo maana naandika kwa urefu. Maelekezo mengi ya hii njia yanakwambia tu geuka kushoto, geuka kulia, halafu unapita kwenye maisha ya watu bila kujua umepita kwenye nini.

Kabla hujatoka nyumbani

Chagua siku kwanza. Kuanzia Mei mpaka Septemba ndo salama zaidi kwa mtu asiye na uzoefu, mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne kasoro usiku kwa hiyo una muda wa kutosha, ila Desemba giza linaanza saa kumi jioni na huko juu hakuna taa hata moja. Kama unataka kuona mlima umegeuka zambarau nenda Agosti, ule mmea wao wa heather ndo unachanua. Kama umewahi kupanda Kilimanjaro ukatoka Mandara kwenda Horombo, pale msitu unapoisha unaingia kwenye nyika ya vichaka vifupi na upepo, basi picha ni ileile, hata mimea ni ya ukoo mmoja, tofauti ni kwamba huku uko mita 400 na kitu tu kutoka usawa wa bahari na baridi inakukuta hukohuko chini.

Viatu. Usije na raba za kawaida jamani. Udongo wa huku ni mboji nyeusi ya mimea iliyooza, wenyewe wanaiita peat, inashika maji kama sifongo, hata kama haijanyesha siku tatu bado kuna sehemu mguu unazama, kwa hiyo vaa buti za kutembelea zenye meno chini na zinazofunika kifundo, soksi za sufu, na jinzi iache nyumbani maana ikilowa haikauki na inakunyonya joto lote. Koti la mvua lazima, sweta la akiba lazima, hata kama umetoka mjini kuna jua kali.

Beba maji lita moja na nusu kila mtu, chakula (mimi huwa nabeba chapati mbili na mayai ya kuchemsha, au maandazi), tochi, filimbi, na ramani ya karatasi. Ramani yenyewe ni OS Explorer OL30, inauzwa maduka ya vitabu na ya vifaa vya kupandia milima. Simu isiwe tegemeo lako peke yake, ukiingia kwenye bonde mtandao unakatika, na betri kwenye baridi inaisha haraka. Kitu kingine ambacho watu wengi hawajui, tuma meseji yenye neno register kwenda 999 ukiwa bado nyumbani, fuata wanachokujibu, baada ya hapo ukipata shida sehemu ambayo simu haipigi lakini meseji inapita unaweza kuwaandikia. Ukiweza kupiga, omba polisi halafu waambie unataka Mountain Rescue, yaani waokoaji wa milimani. Filimbi unapuliza mara sita ndani ya dakika moja, unapumzika dakika, unarudia.

Kufika

Gunnerside ni kama kilomita 27 magharibi ya mji wa Richmond, unapita Reeth halafu unaendelea kufuata bonde la mto Swale. Na hii ni Richmond ya Yorkshire, sio ile ya London, andika vizuri kwenye ramani ya simu. Kwa basi inawezekana, kuna vibasi vidogo vinavyopanda bonde kutoka Richmond kuelekea Keld, ila ni vichache sana kwa siku kwa hiyo angalia ratiba jana yake na ujue la mwisho kurudi ni saa ngapi, ukilikosa ndo basi tena. Kwa gari, nafasi za kupaki pale karibu na daraja sio nyingi, wahi kabla ya saa tatu asubuhi na usizibe geti la mtu, wale ni wakulima, trekta lazima lipite.

Hatua ya kwanza: kutoka darajani mpaka mwisho wa msitu

Pale katikati ya kijiji kuna daraja la mawe na pembeni kuna baa ya King's Head. Njia inaanzia upande wa pili wa barabara ukitazama hiyo baa, unafuata kijito kuelekea juu. Kumbuka kitu kimoja tu, wakati wa kupanda maji yawe kushoto kwako. Unaingia kwenye msitu mdogo wa miti ya zamani, kivuli kizuri, mizizi inateleza, na masikio yako yanajaa sauti ya maji. Hapa tembea taratibu, usimalize nguvu.

Njiani utakuta mageti na sehemu nyembamba za kupenya kwenye kuta za mawe. Kila geti unalofungua unalifunga. Zile kuta zimepangwa bila saruji hata punje, jiwe juu ya jiwe, kwa hiyo usipande juu yake hata kama unaona ni njia ya mkato, unaangusha kazi ya mtu. Na ukipita kwenye shamba la majani marefu mwezi wa sita mtembee kwa mstari mmoja mmoja, zile ndo nyasi za kulishia kondoo na ng'ombe majira ya baridi.

Hatua ya pili: uwanja wa kuponda mawe wa Sir Francis

Ukishatoka msituni bonde linafunguka, na baada ya muda unaanza kuona kifusi. Kijivu, hakioti majani vizuri. Hapo umefika eneo la mgodi wa Sir Francis. Handaki lake walianza kulichimba mwaka 1864, limepewa jina la mtoto wa Sir George Denys ambaye ndo alikuwa na mamlaka ya madini eneo hilo, na ilichukua mpaka mwaka 1877 ndo wakaufikia mkanda wa madini. Miaka 13 watu wanatoboa mwamba bila kuona mali! Na walikuwa wanatumia mashine za kutobolea zinazoendeshwa na upepo uliosukumwa kwenye mabomba, kitu kigeni kabisa kwa migodi ya huku wakati ule. Lile tangi kubwa la chuma lenye kutu utakaloliona pale ndo lilikuwa linahifadhi huo upepo.

Sasa simama hapa dakika ishirini, usipite haraka. Utaona ukuta wa mawe uliogawanywa vyumba vyumba, vimefunguka mbele kama mabanda ya soko. Kila kundi la wachimbaji lilikuwa na chumba chake, mzigo uliotoka shimoni kwa kutoroli unamwagwa kwenye chumba cha kundi husika, ili usichanganyike na wa wenzao, kwa sababu walikuwa wanalipwa kwa mapatano, kundi linakubaliana bei na wakala wa kampuni kisha malipo yanategemea mzigo uliosafishwa. Yaani ni kama maduara yetu, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, kila duara na viroba vyake, na ole wako uguse kiroba cha duara la jirani. Kutoka hapo mawe yanakwenda kupondwa, mwanzoni kwa nyundo na baadaye kwa makarasha ya kuendeshwa na gurudumu la maji, halafu yanaoshwa kwenye maji yanayotembea. Risasi ni nzito inabaki chini, jiwe jepesi linasombwa. Kazi ya kuponda na kuosha walifanya sana wanawake na watoto, kwenye maji ya huku, baridi ya huku. Chovya kidole kwenye hicho kijito hata mwezi wa saba utanielewa.

Ukiangalia kwa makini kwenye kifusi utakuta jiwe linang'aa kama kioo kilichokatwa pembe nne. Hiyo inaitwa galena, ndo mawe yenyewe ya risasi. Kipande cha ukubwa wa nusu mche wa sabuni ukikipima mkononi unashtuka, uzito wake ni zaidi ya mara mbili ya jiwe la kawaida. Mimi nilikishika nikamkumbuka mzee alivyokuwa ananyanyua jiwe, analirusha kidogo mkononi, anasikilizia, kisha anasema hili lina kitu au hili bure. Kishike, kirudishe palepale. Usibebe, haya maeneo yanalindwa kisheria kama kumbukumbu, na jambo kubwa zaidi risasi ni sumu. Kunawa mikono ni lazima kabla ya kugusa chapati, beba maji ya ziada na sabuni, na watoto msiwaache wacheze kwenye ule mchanga wa kijivu wala kunywa maji ya kijito. Sio utani. Wenye ndugu Mombasa mnakumbuka Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyushia betri kuukuu kilivyotia watu risasi mwilini, watoto wakaumwa, mpaka mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Ni madini haya haya.

Ukiona mdomo wa handaki, usiingie. Hata hatua tatu. Nimekulia kwenye mashimo kwa hiyo naomba mnisikilize kwenye hili, mbao zilizoshikilia dari zimeoza, kuna sehemu sakafu unayoikanyaga ni magogo ya zamani yaliyofunikwa vumbi na chini yake ni shimo la mita nyingi, na hewa inaweza kuwa mbaya bila harufu yoyote, unalegea unakaa chini huinuki.

Hatua ya tatu: Bunton na yale makovu makubwa

Kutoka Sir Francis njia inapanda upande wa kulia wa bonde, hapa ndo utahema. Ukifika Bunton kuna mabaki ya majengo na handaki lingine, na ukiinua macho utaona mlima umechanwa, mifereji mipana mikavu imeshuka kutoka juu mpaka chini kama mtu alipitisha kucha. Mtu akiona anadhani ni mafuriko. Hapana, ni kazi ya watu. Walikuwa wanajenga bwawa juu ya mlima kwa udongo na majani, wanasubiri lijae, halafu wanalibomoa kwa mpigo, maji yanashuka na udongo wote, mkanda wa madini unabaki wazi. Huo mfereji wanauita hush. Walirudia na kurudia mpaka mlima ukabaki hivyo hadi leo, upande wa pili wa bonde nao upo hivyohivyo, kwa sababu mkanda wenyewe, unaitwa Friarfold, umekatisha bonde kutoka mashariki kwenda magharibi. Kwetu tunalalamika mitambo inavyokula milima, hawa waliimaliza kwa maji tu.

Kama ni kiangazi tafuta kwenye vifusi kaua kadogo keupe kenye petali tano, kamekaa chini chini kama zulia. Wenyeji wanakaita leadwort. Kanavumilia sumu ambayo majani mengine hayaiwezi, kwa hiyo kanapenda hasa sehemu za migodi.

Hapa kuna njia zinagawanyika. Inayokwenda kulia kuelekea juu kabisa inakupeleka nyikani upande wa Old Gang na Surrender Bridge, huko nako kuna magofu makubwa ila ni safari ya siku nyingine na ya watu waliozoea. Wewe baki na njia inayofuata ubavu wa bonde, kijito kiko chini kushoto, unaendelea kuelekea kaskazini. Njia inabana kidogo na mteremko upo, watoto washikwe mkono.

Hatua ya nne: tanuru la Blakethwaite

Hapa ndo pa kulia chakula. Bonde linakutana na kijito kingine, na kwenye hiyo njia panda ya maji kuna magofu ya sehemu walikokuwa wanayeyushia, imejengwa miaka ya 1820 hivi. Utaona ukuta wenye matao mazuri kabisa, lile lilikuwa ghala la mboji. Walikuwa wanakata mboji mlimani kama matofali, wanaianika, wanaihifadhi humu, na ghala liliachwa wazi pembeni makusudi ili upepo upite uikaushe. Hiyo ndo ilikuwa kuni yao, wakichanganya na makaa ya mawe. Gurudumu la maji likazungusha mivukuto, mivukuto ikapuliza moto, risasi ikayeyuka ikatiririka kwenye kalibu. Baada ya hapo farasi wadogo wanabebeshwa, msafara unashuka bondeni mpaka Richmond na kuendelea hadi bandari za mto Tees, risasi ikaezeke makanisa na kutengenezewa mabomba ya maji.

Angalia mlima nyuma ya tanuru. Kuna mstari wa mawe umepanda moja kwa moja kwenda juu. Ile ni dohani, lakini badala ya kusimama imelala ubavuni mwa mlima, moshi wenye sumu ulitolewa huko juu mbali na wafanyakazi. Ndani ya dohani risasi nyingine ilikuwa inaganda ukutani kama masizi, na hiyo nayo ni pesa, kwa hiyo kila baada ya muda watu wanaingizwa humo kwenda kuikwangua. Niliinama nikachungulia sehemu moja iliyobomoka, hata kuingia kwa kutambaa ni shida. Nilikaa pale muda mrefu sana siku ile. Nilikuwa nawafikiria wale watoto wa Mererani waliokuwa wanaitwa nyoka kwa sababu wanapenya kwenye matundu ya tanzanite ambayo mtu mzima hapiti.

Mzee mmoja mfugaji niliyemkuta pale na mbwa wake aliniuliza nimetoka wapi, nikamwambia Tanzania, sehemu ya migodi ya dhahabu. Akaniambia wazee wa babu yake walikuwa wanachimba huku, bei ilipoanguka wengine wakaenda Durham kwenye makaa ya mawe, wengine Lancashire kwenye viwanda vya pamba, wengine wakavuka kwenda Marekani. Na ni kweli, miaka ya 1880 risasi ya bei rahisi kutoka nje, hasa Hispania, iliua hii migodi, bonde likabaki tupu. Tulikaa kwenye ukuta tukala maandazi yangu, akayasifia.

Hatua ya tano: kuvuka na kurudi upande wa pili

Kwenye kijito kuna daraja la bamba moja kubwa la jiwe. Vuka mmoja mmoja, likiwa limelowa linateleza, na kama maji yamepanda juu ya bamba usivuke, rudi njia uliyojia, hakuna aibu. Ukishavuka panda ile njia inayopinda pinda kwenye mlima, ni kali lakini ni fupi, halafu ukifika juu geuka kushoto kuelekea kusini. Sasa bonde lote liko chini kushoto kwako na unaona kwa mbali kila sehemu uliyopita asubuhi.

Huku juu ndo nyika yenyewe. Heather, upepo, na ndege fulani wa rangi ya kahawia ataruka ghafla miguuni kwako akipiga kelele, huyo ni grouse, usiogope. Ndege hawa ni wa porini ila nyika inatunzwa kwa ajili ya kuwawinda, na msimu unaanza Agosti 12 mpaka Desemba 10, ukikuta bendera au watu wanawinda subiri wakuelekeze. Kuanzia Machi mpaka mwisho wa Julai ndege wanataga chini kwenye majani, kwa hiyo kama una mbwa mfunge kamba fupi. Na baki njiani, tena huku zaidi kuliko chini, kwa sababu nje ya njia kuna maduara ya zamani, mengine yamefunikwa na mawe au mbao zilizochoka na majani yameota juu. Ukiona kifusi kimejiviringa kama pete kubwa na katikati pamedidimia, zunguka mbali.

Ukungu nao. Mwaka jana nilikuwa na shemeji yangu, hali nzuri kabisa, ndani ya dakika kumi tukawa hatuonani kwa mita ishirini. Tulichofanya ni kusimama, kuvaa makoti, kutoa ramani na dira, kisha tukawa tunatembea pamoja polepole bila kuacha njia hata kidogo. Msitawanyike kutafuta njia, mtapotezana.

Mbele utafika geti la Botcher Gill, hapo unaungana na barabara ya kokoto ya magari. Baada ya hapo kazi imeisha, fuata barabara inashuka taratibu, kisha kuna njia ya majani inakatia kushoto na paa za kijiji unaziona chini. Magoti yatalalamika, fupisha hatua. Mzunguko mzima na mapumziko weka masaa manne mpaka matano, mwenye watoto aongeze moja.

Ukifika darajani futa matope ya buti kwenye majani, vua, weka kwenye mfuko wa nailoni, ukifika nyumbani zioshe nje sio kwenye sinki la jikoni, na nguo za watoto waliogusa kifusi fua peke yake. Halafu jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwapani kama kuna kupe, wapo kwenye heather na wanaleta ugonjwa wa Lyme. Ukimkuta mng'oe kwa kibano, mvute taratibu kutoka karibu kabisa na ngozi bila kumminya, na ndani ya wiki chache ukiona duara jekundu linatanuka muone daktari umwambie ulikuwa Swaledale.